Ukiitwa ofisini, unaingia na nani?

Nilipoitwa ofisini kule Charlotte, North Carolina, niliingia peke yangu. Nilikuwa mfanya usafi wa zamu ya usiku katika hospitali moja ya binafsi, na kosa langu lilikuwa kuchelewa mara tatu ndani ya mwezi, kwa sababu mtoto alikuwa anaumwa. Msimamizi alikaa upande mmoja wa meza, mtu wa utumishi akakaa karibu naye. Karatasi ilikuwa imeshaandikwa. Wakanionyesha pa kuweka sahihi, nikaweka. Kilichoandikwa nilikuja kukisoma nikiwa kwenye basi: nilikuwa nimekiri kwamba nimeshaonywa kwa mdomo mara mbili. Hakuna aliyewahi kunionya.

Miaka mitatu baadaye nikawa Minneapolis, Minnesota, kazi ileile ya ndoo, mopu na mifuko ya taka. Nikaitwa tena. Safari hii nilidaiwa kuacha chumba bila kukisafisha. Nilikuwa naelekea mlangoni pale mama mmoja Mkenya wa idara ya mashuka aliponishika mkono. "Dada, huku ukiitwa hivyo huingii peke yako. Waambie unataka mwakilishi wako." Nikasema, sauti ikitetemeka. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akaja na daftari dogo na penseli, akavuta kiti kando yangu, akauliza: chumba namba ngapi, na saa ngapi? Walipofungua kumbukumbu, ikaonekana saa ile mgonjwa alikuwa bado yumo na mlango umebandikwa karatasi ya kukataza watu wasiingie. Alipofunga daftari lake, kikao nacho kikawa kimeisha.

Ndugu na rafiki wanaotaka kuja Marekani huniuliza mshahara, kodi ya nyumba na baridi. Kuhusu chama cha wafanyakazi haulizi mtu, na mimi mwenyewe sikuuliza. Ndiyo maana naandika haya, maana jimbo utakaloshukia linaamua mengi kuliko tunavyodhani.

Tazama takwimu za serikali za mwaka 2024. Kwa nchi nzima, asilimia 9.9 ya walioajiriwa walikuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1983 walikuwa asilimia 20.1. Lakini wastani huo unaficha nchi mbili ndani ya moja. Hawaii ilikuwa na asilimia 26.5 na New York 20.6. North Carolina ilikuwa na 2.4, South Dakota 2.7, South Carolina 2.8. Yaani Hawaii ukikutana na wafanyakazi wanne, mmoja ana chama. North Carolina utapita watu arobaini ndipo umpate mmoja. Minnesota yangu, kwa miaka ya karibuni, imekuwa ikipanda na kushuka kati ya 13 na 16.

Nikiwa Charlotte niliamini watu wa Kusini mwa Marekani ni waoga tu, au hawataki chama. Nilikosea, na niliwakosea heshima watu waliokuwa wakifanya kazi kwa bidii kuliko mimi.

Anza na sheria. Mwaka 1947 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iitwayo Taft-Hartley, ikayaachia majimbo yaamue jambo moja: je, mkataba kati ya chama na mwajiri unaweza kumtaka kila anayefaidika achangie gharama? Majimbo yaliyokataa, North Carolina ikiwemo tangu mwaka huohuo, yaliiita sheria yao "haki ya kufanya kazi". Jina hilo hupotosha wengi. Halimhakikishii mtu kazi, wala halipigi marufuku chama. Maana yake ni kwamba chama kikishinda kura ya wafanyakazi mahali pa kazi, kinalazimika kisheria kumtetea kila aliye katika kundi lile, aliyelipa ada na asiyelipa, na asiyelipa haguswi. Leo majimbo 26 yana sheria hiyo. Michigan iliipitisha mwaka 2012, ikaifuta mwaka 2023.

Kwa watumishi wa umma North Carolina ilikwenda mbali zaidi: sheria ya mwaka 1959 inakataza serikali ya jimbo, miji na kaunti kutia saini mkataba wa pamoja na chama chochote. Mwalimu anaweza kujiunga na chama chake, lakini chama hicho hakina meza ya kukaa na mwajiri wakapatana mshahara. Hili ni zito, kwa sababu kitaifa ni serikalini ndiko vyama vilikobaki na nguvu: karibu theluthi moja ya watumishi wa umma ni wanachama, wakati sekta binafsi ni asilimia 5.9 tu.

Lakini sheria peke yake haitoshi kueleza. Nevada nayo ina sheria hiyohiyo ya "haki ya kufanya kazi", na bado wapishi, wahudumu na wasafisha vyumba wa hoteli za Las Vegas wana chama chenye watu wapatao 60,000, wengi wao wahamiaji kama sisi. Hakuna anayelazimishwa kulipa. Wanalipa kwa sababu wanaona bima ya afya na mshahara vinavyotokana na mkataba.

Kwa hiyo ukubali kurudi nyuma kwenye historia. Hawaii wenye mashamba ya miwa waliwatenga vibarua kwa makusudi: Wajapani kambi yao, Wafilipino yao, Wareno yao, na malipo tofauti kwa kazi moja. Mwaka 1946 watu wapatao 26,000 wa mataifa hayo yote waligoma pamoja kwa siku 79, wakila kwenye majiko ya pamoja, na wakashinda. Kule Flint, Michigan, wafanyakazi wa magari walikaa ndani ya viwanda kuanzia mwisho wa Desemba 1936 hadi Februari 1937, siku 44, hadi kampuni ikakitambua chama chao. Mahali kama hapo, mtu anazaliwa anamkuta babu yake ana kadi ya chama.

Kusini nako walijaribu. Mwaka 1946 vyama vilipeleka mamia ya watu kwenye viwanda vya nguo kuwashawishi wafanyakazi wajiunge. Waliwakuta wafanyakazi wanaoishi katika nyumba za kiwanda, na weupe na weusi waliofundishwa kutoaminiana. Tena sheria ya kazi ya mwaka 1935, iliyowapa Wamarekani haki ya kuunda vyama, iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na Kusini hao ndio walikuwa wengi wa watu weusi. Mradi ule ulishindwa. Pamba ikaondoka, viwanda vikahama, woga ukabaki.

Hata hivyo Kusini inasogea. Chattanooga, Tennessee, wafanyakazi wa Volkswagen walikataa chama mwaka 2014, wakakataa tena 2019, na Aprili 2024 wakakubali kwa kura 2,628 dhidi ya 985. Niliposoma habari ile nililia, nikawakumbuka wenzangu wa zamu ya usiku Charlotte.

Mmoja wao alinipigia mwezi uliopita. Ameitwa ofisini, anauliza aende na nani. Ile haki ya kuingia na mwakilishi, iliyotokana na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1975, ni ya walio na chama, na yeye hana. Nilimweleza alichonacho: katika sekta binafsi, Kusini au Kaskazini, sheria inawalinda wafanyakazi wawili wanaozungumzia mishahara yao, au wanaopeleka lalamiko pamoja, hata pasipo chama. Nikamwambia pia asitie sahihi kitu ambacho hajakisoma, na aombe nakala.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama nina namba ya yule dada Mnigeria tuliyekuwa tunapanda naye basi la saa kumi na moja, maana naye aliwekewa karatasi kama ile. Nilikuwa nayo. Nikamtumia palepale.