Miezi 18 Iliyorefuka

Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwezi Oktoba 1978, baba yangu alikuwa mgambo kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Aliondoka na wenzake kwenda mstari wa mbele, na mama akabaki na shamba, mtoto, mashemeji wawili waliokuwa bado shuleni, na redio ya jirani ambayo wanawake waliizunguka kila jioni wakisubiri taarifa ya habari ya Radio Tanzania.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na baba alirudi mzima.

Sisi tuliozaliwa baadaye tulisimuliwa zaidi habari za vita, ilhali yaliyofuata, ambayo kwangu ndiyo mazito zaidi, yalitajwa kwa kupita tu. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini vita vilikuwa vimekula fedha nyingi za kigeni, bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani kote, na uhaba ukaendelea hadi katikati ya miaka ya 1980. Mama alipanga foleni tangu alfajiri ili apate sukari na sabuni, na kanga yake ya harusi aliikata akamshonea mtoto nguo. Baba aliyetamani kusomea ufundi wa mitambo alishika jembe, ili wadogo zake wasikose sare na nauli ya kwenda sekondari.

Mwaka jana nilimwuliza mama kama aliwahi kujuta. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama baba zangu wadogo huwa wananipigia simu.