Kamera tatu, masaa manne, laptop moja

Ndoa ya Lubumbashi haina haraka. Ibada kanisani, picha za familia, kisha sale (ukumbi) ya jioni: kamera tatu zikinasa masaa manne kila moja, unarudi nyumbani na masaa 12 ya video. Wengi humwaga kadi zote ndani ya programu na kuanza kukata palepale. Picha inakwama, sauti inaachana na midomo, lawama zinaiangukia laptop. Lakini laptop ya i5 yenye RAM ya GB 16 inaiweza kazi hii, hata ya GB 8 ukiwa mvumilivu, mradi faili ziandaliwe kwanza. Kazi ngumu ya montaji (uhariri wa video) ya kamera nyingi iko kabla ya mkato wa kwanza.

Piga hesabu ya nafasi kabla hujanunua diski. Gawa megabiti kwa 8 upate megabaiti. Full HD ya megabiti 50 kwa sekunde ni MB 6.25 kila sekunde, yaani GB 22.5 kwa saa. Masaa 12 ni GB 270. Ukinasa 4K ya megabiti 100, ni GB 540. Kwenye tundu la USB 2 data hupita kwa MB 35 hivi kwa sekunde, kwa hiyo GB 270 zitakula zaidi ya masaa mawili. Kadi inakiliwa kwenye diski mbili, na haifutwi mpaka nakala zote mbili zimehakikiwa. Programu ya TeraCopy inaweza kulinganisha nakala na asili yenyewe, usitegemee macho tu.

Kamera za AVCHD, zile zinazohifadhi video kama faili za MTS ndani ya folda nyingi, zina mtego wake. Usiingie ndani ya folda ya STREAM na kuvuta faili za MTS peke yake. Kopi folda yote ya PRIVATE ilivyo. Rekodi ndefu hugawanywa na kamera yenyewe ikifika GB 2 au 4, na taarifa za kuunganisha vipande ziko kwenye folda nyingine. Ukizikosa, kila kiungo kitapoteza fremu chache za sauti, na utasikia kama kwikwi katikati ya hotuba ya baba mkwe. Kama umebaki na MTS tu, ziunganishe kwenye Windows kwa amri hii, maana ni mkondo mmoja uliokatwa:

copy /b 00000.MTS+00001.MTS+00002.MTS KAM_B.MTS

Kwa kamera zinazotoa MP4 vipandevipande, andika faili ya maandishi orodha.txt, kila mstari ukiwa na neno file na jina la kipande ndani ya alama za nukuu moja (file 'C0001.MP4'), kisha endesha ffmpeg, programu ya bure ya amri za maandishi:

ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy KAM_A.mov

Hakuna kinachobanwa upya hapo, ubora unabaki uleule. Tumia .mov kwa sababu baadhi ya kamera huweka sauti ya PCM (isiyobanwa), na matoleo ya zamani ya ffmpeg hukataa kuiweka ndani ya MP4. Lakini zingatia: unganisha tu vipande ambavyo kamera imevikata yenyewe bila kusimama. Kamera za picha zinazozima rekodi kwenye dakika 29 na sekunde 59 huacha pengo kati ya kipande na kipande. Vipande hivyo usiviunganishe, la sivyo kila kinachofuata kitasogea. Na siku ya kunasa, kama una kamera mbili za aina hiyo, ziwashe kwa kupishana dakika 10, zisije zikazima pamoja wakati bibi arusi anaingia.

Sasa mwendo wa fremu, yaani picha ngapi kwa sekunde. Umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo kamera zote ziwekwe fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya 1/50. Ukinasa fremu 30 na shata ya 1/60 chini ya taa za sale, picha itapepesa, na hakuna programu inayolitengeneza hilo kikamilifu baadaye. Simu ndiyo mgeni mkorofi zaidi. Simu nyingi hunasa kwa mwendo unaobadilika: mara fremu 30, mara 28, kulingana na mwanga na joto. Fungua faili kwa programu ya MediaInfo. Kama inaonyesha mwendo ni wa kubadilika, igeuze kwanza:

ffmpeg -i simu.mp4 -r 25 -c:v libx264 -crf 18 -preset fast -c:a aac -ar 48000 SIMU_25.mp4

Mwendo utaruka kidogo, maana fremu moja kati ya sita inaachwa. Kwa vipande vya sekunde tano haisumbui.

Kisha proksi, yaani nakala nyepesi za kukatia badala ya asili, na hapa ndipo laptop inapopona. H.264 na H.265, namna za kubana video ambazo kamera nyingi hutumia, hazihifadhi kila fremu kamili. Fremu moja huandikwa nzima, zinazofuata huandikwa kama tofauti tu. Ukiruka hadi dakika ya 93, processor inalazimika kurudi kwenye fremu nzima iliyo karibu na kujenga upya mpaka pale ulipo, na kwa kamera tatu inafanya hivyo mara tatu kwa wakati mmoja. Proksi ya DNxHR huhifadhi kila fremu peke yake:

ffmpeg -i KAM_A.mov -vf "scale=960:540,format=yuv422p" -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_lb -c:a pcm_s16le PROKSI/KAM_A.mov

Faili ya namna hii ni takriban GB 5 kwa saa, kwa hiyo masaa 12 ni karibu GB 60, zinazoenea vizuri kwenye SSD ndogo. Diski ya kawaida yenye sahani inayozunguka ina mkono mmoja unaobeba vichwa vya kusoma. Ukiitaka isome kamera tatu, mkono huo unarukaruka na kasi inaanguka. Weka proksi kwenye SSD, asili zibaki kwenye diski kubwa. Jina, urefu, mwendo wa fremu na idadi ya chaneli za sauti viwe sawasawa na asili, la sivyo programu kama Premiere Pro inaweza kukataa kuziunganisha nazo. DaVinci Resolve na Kdenlive zinatengeneza proksi zenyewe, unaziachia usiku. Anayetumia Linux ajue kwamba Resolve ya bure huko haifungui H.264. Kwa mashine dhaifu ningechagua Kdenlive bila kusita.

Kulinganisha sauti ndiko watu wanakopoteza siku nzima. Chagua sauti moja iwe mama: kinasa sauti kilichochomekwa kwenye mikseri, WAV ya kHz 48. Kila kamera nyingine inaifuata hiyo. Kwenye Resolve, chagua klipu zote, tengeneza klipu ya kamera nyingi na uagize ilinganishe kwa sauti. Kabla ya hapo jaza namba ya kamera kwenye taarifa za kila klipu, ili vipande vya kamera moja vikae njia moja. Kwenye Kdenlive unaweka klipu moja kuwa rejea ya sauti, kisha nyingine zinajipanga juu yake.

Mashine ikimaliza, usiamini bado. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Kamera iliyosimama mita 34 kutoka kwenye mabafle imeisikia sauti ikiwa imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, sawa na fremu mbili na nusu. Programu ikilinganisha kwa sauti hiyo, picha ya kamera hiyo ya nyuma itatangulia kwa kiasi hichohicho. Tafuta mahali watu wanapiga makofi au mpiga ngoma anapoonekana mkono, kisha isogeze klipu ya kamera ya nyuma kulia kwenye taimlaini (mstari wa muda) kwa fremu mbili ili picha yake ichelewe kidogo. Hilo ni jambo la mkono na jicho.

Halafu kuna kupotoka. Kila kifaa kina saa yake ya ndani, na hakuna mbili zinazokimbia sawa. Tofauti ya sehemu 20 katika milioni ni ndogo mno, ila kwa saa moja inafika milisekunde 72, karibu fremu mbili, na kwa masaa manne ni fremu saba. Mwanzo unakuwa safi, mwisho mwimbaji anaonekana kama ametafsiriwa. Usihangaike kubadilisha kasi ya sauti. Kata kamera kila dakika 30 kwenye ukimya au mahali ambapo kamera hiyo haionekani, isogeze fremu moja, endelea. Kwa sababu hiyo piga makofi mbele ya kamera zote mwanzoni na tena mwishoni. Kofi la mwisho ndilo linalokuonyesha umepotoka kiasi gani.

Rangi za kamera zisawazishe kabla ya kukata, kwenye klipu za asili, ili kila mkato urithi. Kukata kwenyewe ni kwepesi: cheza, bonyeza 1, 2 au 3, kisha pitia mara ya pili ukirekebisha viungo. Picha pana iwe ndiyo msingi wa chini kabisa, kamera nyingine ikikosa kitu shimo jeusi halitokei. Tengeneza taimlaini moja kwa kila sehemu ya ratiba: ibada, zawadi, keki. Taimlaini ya masaa manne yenye mikato elfu moja huifanya programu nzito hata kwenye mashine nzuri.

Wakati wa delestaji (mgao wa umeme) laptop inabaki hai kwa betri, lakini diski ya inchi 3.5 yenye adapta yake inazimika papo hapo, na programu inabaki inatafuta faili. Ichomeke kwenye UPS (betri ya akiba), au tumia diski ya inchi 2.5 inayokula umeme wa USB. Hifadhi ya kiotomatiki iwe kila dakika 5, na mradi uwe kwenye diski tofauti na video. Kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, vumbi jekundu huziba feni na processor hupunguza kasi yenyewe kwa kuogopa joto. Ipulize feni kabla ya kutoa faili ya mwisho.

Na kutoa kwenyewe kufanyike sehemu kwa sehemu. MP4 huandika faharasa yake mwishoni kabisa. Umeme ukikatika baada ya masaa matatu ya kutoa, faili nzima haifunguki. Flashi nyingi za wateja zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, kwa sababu televisheni za nyumbani husoma hiyo, na FAT32 haipokei faili ya zaidi ya GB 4. Kwa megabiti 8 kwa sekunde, saa moja pamoja na sauti ni karibu GB 3.7. Toa vipande vya saa moja, vipe majina yanayoanza na 01, 02, 03, na televisheni itavicheza kwa mpangilio bila mteja kurudi kukugongea mlango.