Meya aliyeingilia mlango wa majitaka

Tarehe 10 Disemba 1986 baraza la mji wa Mount Pleasant, jimbo la Iowa huko Marekani, lilikua kwenye kikao chake cha kawaida kabisa, vile vikao vya madiwani kujadili barabara na mabomba, mara mzee mmoja wa hapo hapo mjini akaingia na bastola akampiga risasi meya, Ed King, akamuua, na madiwani wawili wakajeruhiwa. Kisa nini? Majitaka jamani. Mzee alikua analalamika kwamba majitaka yanarudi ndani ya nyumba yake na hakuna anayemsikiliza.

Sasa fikiria mji wenyewe ni wa watu kama elfu nane hivi, wote wanajuana, halafu kile kiti kiko wazi. Nani anataka kukaa pale? Baba yake marehemu ndo akaenda kumuomba kijana mmoja mwanasheria, Tom Vilsack, huyu aliyekuja kua gavana wa Iowa na waziri wa kilimo wa Marekani, agombee. Mi hapa ndo huwa nasimama kila nikisoma habari za huyu jamaa. Baba aliyefiwa, badala ya kuususa ule mji na siasa zake, anazunguka kutafuta mtu wa kukaa alipokaa mwanae.

Na aliyemfuata wala hakua mwenyeji, alikua mkwe. Vilsack alizaliwa Pittsburgh mwaka 1950, akaachwa kituo cha yatima cha Wakatoliki, akachukuliwa na familia iliyomlea, na huko nako hakukua kwepesi maana mama aliyemlea alipambana sana na pombe na vidonge. Chuoni akakutana na Christie Bell, binti wa Mount Pleasant, wakaoana 1973, na alipomaliza sheria wakahamia kwa kina Christie akaanza kufanya kazi kwenye ofisi ya uwakili ya baba mkwe. Yaani ni yule mkwe mgeni, unamsalimia tu njiani, halafu siku moja mji umevurugika anakabidhiwa yeye. 1987 akachaguliwa meya.

Watu wengi wakisimulia maisha ya wanasiasa hii sehemu ya umeya wanaipitia haraka haraka ili wafike kwenye ugavana. Mi naona ni kinyume. Meya wa mji mdogo hana pa kujificha, bomba likiziba usiku anajulikana anakaa wapi, na aliyemtangulia kafa kwa sababu hiyo hiyo. Akaingia seneti ya jimbo kwa uchaguzi wa 1992, na kule moja ya mambo aliyoyashikia bango ni jimbo lisaidie kubeba gharama za afya ya akili zilizokua zinazilemea kaunti. Sio hoja ya kupigiwa makofi mkutanoni, ila ukishakua meya unajua bili inaangukia kwa nani.

1998 ikaja kubwa. Gavana Terry Branstad wa Republican alikua amekaa miaka 16 na anaondoka, na chama cha Democratic, chake Vilsack, hakijashinda ugavana Iowa kwa miaka kama 30. Vilsack kwanza akamshinda ndani ya chama Mark McCormick, aliyewahi kua jaji wa mahakama kuu ya jimbo, halafu akaingia kwenye kinyang'anyiro na Jim Ross Lightfoot wa Republican, ambaye tafiti za maoni ya wapiga kura zilishampa ushindi mapema kabisa. Vilsack akashinda kwa asilimia 52 na kitu. 2002 akarudishwa tena.

Hapa kuna kitu watu wa nje huwa kinatuchanganya kidogo. Kule kila jimbo chama kina mwenyekiti wake na kamati yake, ana ofisi, anatafuta hela, anapanga mikutano. Lakini chama kikiwa na gavana, kiongozi wa kweli wa chama jimboni ni gavana, mwenyekiti anakua kama katibu tu hivi. Na Iowa ilikua na uzito wake wa peke yake maana mchujo wa kutafuta mgombea urais ulikua unaanzia pale, kwahiyo kila anayeota Ikulu lazima apige hodi kwa Vilsack. 2004 yeye akasema hamuungi mkono yeyote, kiongozi wa chama abaki katikati. Sawa. Ila siku chache kabla ya mchujo mke wake Christie akatangaza yuko na John Kerry, mmoja wa waliokua wanautaka huo urais! Mzee kanyamaza, mama kasema. Kerry akashinda Iowa, akawa mgombea wa chama, na Vilsack akatajwa sana kua mgombea mwenza wake, mwisho akachukuliwa John Edwards. 2016 ikawa vile vile, Hillary Clinton alimfikiria halafu akamchukua Tim Kaine, ambaye naye aliwahi kua meya, ila wa Richmond, mji mkubwa. Mara mbili mtu anakaa mlangoni kabisa. Urais wenyewe alijaribu, akatangaza Novemba 2006 na Februari 2007 akajitoa, hela hamna.

Obama akamfanya waziri wa kilimo 2009, akakaa miaka nane, na Biden akamrudisha hapo hapo 2021, seneti ikampitisha kwa kura 92 kwa 7, kitu ambacho Washington ya siku hizi hukioni hivi hivi. Lakini nisimpambe sana. 2010 ilisambaa video iliyokatwa katwa ya Shirley Sherrod, mama mweusi aliyekua afisa wa wizara yake Georgia, ikaonekana kama anabagua wazungu, na wizara ikamlazimisha ajiuzulu kabla hata ya kusikiliza hotuba nzima. Hotuba nzima ilikua inasema kinyume kabisa. Vilsack akajitokeza akaomba radhi hadharani, akasema kosa ni lake, akampa kazi nyingine, mama akaikataa. Kuomba radhi alifanya vizuri, ila hii inaniuma kwa sababu ni yeye hasa, mtu ambaye safari yake ilianza na mwananchi aliyeona hakuna anayemsikiliza, ndo hakusikiliza.

Na kile chama chake cha Iowa je? Aliondoka ugavana 2007 akamwachia Chet Culver wa chama hicho hicho, 2010 Culver akaangushwa na nani, Branstad yule yule wa zamani karudi! Tangu hapo, 2014, 2018, 2022, Republican tu. 2012 Christie mwenyewe aligombea ubunge dhidi ya Steve King wa Republican akashindwa. Hata mchujo 2024 chama kikaiondolea Iowa ile nafasi ya kwanza. Siwezi kusema ni kosa la Vilsack peke yake, vijijini kote Marekani kumegeuka, lakini najiuliza hiyo miaka nane ya ugavana ni nani alikua anaandaliwa kule kwenye miji midogo, maana yeye mwenyewe hakuandaliwa na chama, aliombwa na baba mwenye msiba.

2025 alipomaliza uwaziri akarudi Iowa, Des Moines, kuongoza taasisi inayotoa ile tuzo ya chakula ya dunia iliyoanzishwa na Norman Borlaug. Kule mkweni.