Kulala Khumjung kwa anayetoka usawa wa bahari

Mtu wa Tanga akikwambia amepanda mlima, mara nyingi ana maana ya Lushoto: basi hadi Mombo, kona za Soni, halafu sweta. Lushoto ni mita 1,400 hivi. Khumjung, kijiji cha Washerpa karibu na njia ya kwenda kambi ya chini ya Everest upande wa Nepali, kiko mita 3,790. Kwa hesabu ya Kilimanjaro ni karibu sawa na kulala Horombo. Tofauti ni kwamba Horombo ni vibanda vya wapandaji, na hapa watu wanalima viazi na watoto wanawahi kengele ya shule.

Wageni wengi hulala Namche, mji mdogo ulio chini yake, wakapanda Khumjung asubuhi, wakapiga picha na kushuka kula mchana. Lala usiku mmoja, ikiwezekana miwili. Kijiji huanza kuonekana baada ya saa tisa alasiri, wakirudi wale wa kupiga picha.

Kufika ni suala la mita, kilomita hazina neno. Ndege ndogo inakushusha Lukla, mita 2,860. Usilale hapo. Siku hiyohiyo teremka hadi Phakding, mita 2,610, mwendo wa saa tatu au nne. Kesho yake ni Namche, mita 3,440: asubuhi unafuata mto na madaraja ya kuning'inia, na ukishavuka lile la juu kuliko yote, kinachobaki ni kupanda tu, karibu mita 600. Kanuni ya huko ni kwamba ukishavuka mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500. Kutoka Phakding hadi Namche umeruka 830, ndiyo maana Namche hulalwa usiku mbili, hata ukijiona mzima. Siku ya nne unapanda mita 350 kupitia kiwanja cha ndege cha Syangboche, saa mbili za polepole, na Khumjung inakutokea bondeni: mapaa ya kijani, kuta za mawe, na juu yake Khumbila, mlima wa mita 5,761 ambao haupandwi kwa kuwa ni mtakatifu.

Kwa urefu huo, kila pumzi ina oksijeni chini kidogo ya theluthi mbili ya ile ya Raskazone, ufukweni Tanga. Mazoezi hayakukingi na maradhi ya mwinuko. Kijana anayekimbia kila alfajiri ndiye anayeumwa upesi, kwa sababu miguu inamfikisha kabla mwili haujazoea. Kichwa kuuma kidogo na usingizi wa mang'amung'amu ni kawaida. Kichwa kikiuma na chakula kikakataa kukaa tumboni, hupandi tena. Unamtilia shaka mwenzako? Mtembeze kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akipepesuka, au akihema naye amekaa kitako, anashushwa saa hiyohiyo, usiku ama mchana. Namche ni karibu lakini ni mita 350 tu chini. Afadhali mteremke hadi Monjo, mita 2,835. Kijiji jirani cha Khunde kina hospitali tangu 1966, mwendo wa robo saa. Dawa za usingizi na pombe ziache Kathmandu.

Chakula hakitakushinda. Dal bhat ni wali, dengu na mboga, na sahani ikiisha unaongezwa bila kulipa tena. Maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi, kwa hiyo dengu zinapikwa kwa jiko la presha, na ukiagiza saa moja usiku utakula saa mbili. Agiza mapema. Chapati ya viazi vya kukuna, inayopakwa siagi ikiwa ya moto, ndiyo ya kijiji hasa. Viazi ni vya uani. Nyama iache: Wabudha wa huko hawachinji, hivyo inapanda mgongoni mwa mpagazi kutoka chini, siku kadhaa bila barafu. Kwa Mwislamu suala la halali linaishia hapohapo. Kibla cha huko ni magharibi, si kaskazini kama kwetu. Maji ya udhu wa alfajiri yanunue ya moto jioni na uyatie kwenye chupa ya chai, maana bomba la nje huganda.

Chumba ni cha bei ndogo kwa masharti kwamba chakula cha jioni na cha asubuhi unakula hapohapo. Kula kwa jirani ni kumdhulumu mwenye nyumba. Jiko la katikati ya sebule huwashwa jioni, mara nyingi kwa samadi kavu ya yaki, ng'ombe wa manyoya marefu wa huko. Usitupe karatasi wala tishu humo. Moto una heshima yake. Kulala, jaza chupa maji ya moto, iweke miguuni, na simu uilaze nayo, kwani baridi hula betri.

Majina yatakufurahisha. Pasang ni aliyezaliwa Ijumaa, Phurba ni wa Alhamisi. Yaani umepokewa na Juma na Khamisi.

Ukikuta ukuta wa mawe yaliyochongwa dua, upite ukiwa mkono wako wa kulia. Hekaluni wana ngozi ya kichwa inayosemwa ni ya yeti, lile zimwi la theluji, imefungiwa sandukuni. 1960 ilisafirishwa kwa uchunguzi, wataalamu wakasema ni ngozi ya serow, mnyama wa jamii ya mbuzi. Toa sadaka, tazama, usibishane. Shule iliyojengwa na Edmund Hillary mwaka 1961 hufungwa Jumamosi.

Nenda Oktoba au Novemba. Acha siku mbili za akiba mwishoni, kwa kuwa wingu likikaa Lukla ndege haziruki. Mzigo wa ndegeni ni kilo 15 pamoja na wa mkononi. Fedha toa Kathmandu, rupia za noti ndogo. Mashine ya mwisho iko Namche, na kuna siku haina kitu.