Siku moja na miguu yangu: mwongoza watalii wa Alta Gracia

Saa 12:30 asubuhi. Julai huku Argentina ni baridi ya kutetemesha meno, na mimi mtoto wa Kigoma sijaizoea bado. Makoti mawili, chai, natoka. Nyumbani wanadhani nalipwa kwa kutembeatembea.

Saa 3 wanafunzi wa shule. Walipiga kelele, walikula biskuti, waliondoka.

Saa 4 lilitakiwa kufika kundi kutoka Córdoba, mwendo wa kilomita 36 hivi. Lilifika saa 5 kasoro dakika kumi. Kiongozi wao, bwana mwenye kofia ya manyoya, akashuka kwanza: "Tuna haraka. Tupeleke kwa Che." Yaani Che Guevara, yule mwanamapinduzi aliyekulia mji huu.

Nikamwambia kwa adabu kwamba njia inaanzia Tajamar, lile bwawa la 1659. Maji yake ndiyo yaliyozungusha kinu na kunywesha mashamba. Ranchi tunayoitembelea iliingia mikononi mwa Wajesuiti, shirika la mapadre wa Kikatoliki, mwaka 1643, mwenye mali Alonso Nieto de Herrera alipojiunga nao na kuwakabidhi kila kitu. Haikuwa ya sala tu: nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, walifugwa hapa wakauzwa hadi migodi ya fedha ya Potosí, Bolivia ya leo, nguo zikafumwa, na faida ikalisha chuo chao Córdoba.

"Mapadre hao walikuwa wachapakazi kweli," akasema.

"Mapadre walikuwa wachache mno, bwana. Waliochimba, waliochunga na waliofuma wengi wao walikuwa watumwa wa asili ya Afrika."

Akatazama saa. Akanitazama mimi, toka kichwani hadi viatuni. "Hiyo siyo historia tuliyolipia."

Nikameza mate. Ofisi hainilipi nibishane na wateja. Lakini ndani ya jumba nilijikuta naeleza taratibu kuliko kawaida, kwa makusudi: Wajesuiti kufukuzwa 1767, Liniers, aliyewahi kuwa mtawala wa koloni hili kwa niaba ya mfalme wa Hispania, kuinunua ranchi 1810 na kupigwa risasi mwaka huohuo. Akapiga miayo. Mama mmoja nyuma aliandika kila neno, Mungu ambariki.

Kisha kupanda kwenda Villa Nydia, nyumba ya utotoni ya Che, sasa makumbusho. Magoti yangu yana maoni yake kuhusu mwinuko ule. Akina Guevara walihamia mji huu 1932 kwa ajili ya pumu ya mtoto, hewa ya hapa ni kavu. Barazani kuna sanamu yake ya utotoni, na bwana wa kofia akapiga naye picha kumi na moja. Nilihesabu.

Mbele ya picha za Kongo akauliza Che aliitwaje kule. "Tatu," nikasema. Namba tatu kwa Kiswahili. Mwaka 1965 alipita Dar es Salaam, akavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, kwetu. Akataka niseme tena, arekodi. Tena. Na tena, kwa sababu kidole chake kilikuwa kimeziba kamera.

Bakshishi hakuna.

Baada ya hapo sijui ilikuwa saa ngapi. Maduka yalikuwa yamefungwa kwa usingizi wa mchana, nyumba ya Manuel de Falla, mtunzi wa muziki kutoka Hispania, hakuna aliyetaka kuiona. Jua lilipozama nilikuwa ukingoni mwa Tajamar, kiatu kimoja mkononi, simu ikalia. Ofisi: mteja mmoja amelalamika, nazungumzia sana watumwa. Nipunguze.

Kesho saa 3 kuna kundi lingine. Tunaanzia Tajamar.