Sarafu ya Baba Mdogo

Kivuko kilipogusa gati ya Kigongo, Baba Mdogo alikuwa bado amefumba macho. Kutoka Busisi ni maji kidogo tu, lakini alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu kama mtoto anayesubiri sindano. Miaka 20 alikuwa hajakanyaga chombo cha majini. Ilikuwa Mei 2016, tunakwenda makaburi ya Igoma, Mwanza, walikozikwa watu wa MV Bukoba, meli iliyozama ziwani. Safari ile nilimlazimisha mimi. Niseme ukweli: nilitaka aumie.

Jumatatu ya tarehe 20 Mei 1996 ilikuwa zamu yake kupeleka ndizi Mwanza. Yeye na baba walikuwa wakipokezana. Mchana ule nilitumwa kukata majani ya kufunikia chungu, nikamkuta katikati ya migomba na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, anaimba peke yake. Akatoa sarafu ya shilingi 20, ile yenye pembepembe, akaniwekea kiganjani, kisha akanikunja vidole kimoja kimoja.

"Umeniona wapi?"

"Sijakuona, Baba Mdogo."

Nilikuwa na miaka 11.

Jioni akatuma mtu aseme ana homa. Baba akaguna, akavaa koti, akashuka bandarini Kemondo na mikungu ya mdogo wake. Mimi nilibaki jikoni, sarafu imelowa jasho mkononi.

Asubuhi ya Jumanne meli ikapinduka, Mwanza ikiwa karibu kabisa. Baba alipanda daraja la tatu, ambako majina ya abiria hayakuandikwa, kwa hiyo tulikaa redioni tukisubiri jina ambalo halikuwa kwenye orodha yoyote. Baadaye tukasikia kwamba meli ilielea kwa muda tumbo likiwa juu, na watu wakigonga kutoka ndani. Ilipotobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, ikazama. Aliyetuhadithia hayo mama alimwomba aondoke.

Matanga tukakaa bila jeneza. Baba Mdogo alilia kuliko wote, na hapo ndipo nilipoanza kumchukia. Chuki hiyo nilienda nayo hadi kwa mume wangu. Usharikani kwetu katika Sala ya Bwana tunasema "makosa", lakini Mathayo, katika Biblia ya mama, anasema "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Neno hilo deni lilinikaa. Mdeni wangu nilimjua kwa jina, na kila Jumapili nilisali nusu ya kwanza, nusu ya pili nikawaachia wengine.

Igoma hatukujua pa kusimama. Huenda baba yumo pale, huenda alibaki ziwani. Baba Mdogo akachagua kaburi moja lisilo na jina, akapiga magoti, akaanza kung'oa majani. Alikuwa na miaka zaidi ya 60, na magoti yale yalimpa tabu.

"Mwanangu, sikuwa na homa siku ile."

"Najua. Nilikuona."

"Najua uliniona. Si nilikununua?" Akakung'uta udongo kwenye mizizi, taratibu, kama anayepalilia shamba lake. "Ungesema neno moja tu, kaka angenitoa migombani kwa fimbo, ningekwenda mimi. Miaka yote hii nikikutazama nawaza hivyo. Nimekuchukia, mwanangu. Mtoto niliyemnunua mwenyewe. Nisamehe."

Nilikuwa nimetoka Bukoba nimejiandaa kusamehe. Hata maneno nilikuwa nimeyapanga ndani ya basi. Yote yakanipotea. Kumbe na mimi nilikuwa naandikwa kwenye daftari la mtu. Nikapiga magoti upande wa pili wa kaburi.

"Na mimi nilikuwa jikoni," nikamwambia. "Nilimsikia anaondoka."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Ile hela uliinunulia nini?"

"Niliitia sadakani, Jumapili iliyofuata."

Akacheka. Akacheka mpaka kikohozi kikambana, na watu waliokuwa wakiweka maua makaburi ya jirani wakageuka kututazama. Nikampigapiga mgongoni mpaka kikapoa, tukaendelea kung'oa majani, yeye upande wake, mimi wangu.