Mbalamwezi Iliyovunja Mswada Wangu

Mswada wangu wa filamu ulikuwa umefikia kurasa 94, na kwa kuwa ukurasa mmoja uliopangwa kwa utaratibu wa kawaida hukadiriwa kuchukua dakika moja hivi kwenye skrini, nilijiona nimekwisha kupata filamu ya saa moja na nusu. Ni hadithi ya kijana wa Igombe, kando ya Ziwa Victoria karibu na Mwanza, anayemwibia tajiri wake taa za kuvulia dagaa ili alipe deni lililoachwa na marehemu baba yake. Sini niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya wizi wenyewe: usiku wa mbalamwezi, mitumbwi imetapakaa ziwani, maji yanameremeta kama bati jipya, na kijana anakata kamba ya taa huku wenzake wakivuta wavu upande wa pili.

Nilimsomea mama mdogo, ambaye amefanya biashara ya dagaa katika mwalo wa Kirumba tangu mimi sijaanza shule. Alisikiliza akiwa ameinamia ungo, vidole vyake vikitenga dagaa na mchanga bila yeye kuvitazama. Nilipofika kwenye sini hiyo, vidole vilisimama.

"Mwanangu," akauliza, "mbalamwezi yote hiyo, hao wavuvi wanatafuta nini ziwani?"

Dagaa huvuliwa gizani kwa sababu hufuata mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umeenea kila mahali na taa ya mvuvi haina cha kuwaitia. Ndiyo maana siku hizo wavuvi wa dagaa hupumzika, wakashona nyavu, na wengine wakarudi kwao kusalimia. Nimekulia Mwanza na jambo hili nalijua, lakini nilipokaa mezani kuandika nililisahau, kwa kuwa mbalamwezi ilikuwa nzuri. Badala ya kukiri, nilianza kumweleza mama mdogo kwamba kamera inahitaji mwanga na kwamba watazamaji hawatatambua. Aliniacha nimalize, kisha akauliza kwa upole filamu hiyo itatazamwa na watu wa wapi.

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilifungua mswada kwa nia ya kubadilisha neno moja tu, "mbalamwezi" liwe "giza", nikagundua kwamba sini nzima inaporomoka, kwa maana kijana hawezi tena kuonekana na yule anayepaswa kumwona. Nilipokwama hapo ndipo nilipoanza kuyafikiria maneno ya mama mdogo kwa dhati. Ikiwa wakati wa mbalamwezi hakuna anayevua, basi taa zote zimelala stoo ya tajiri, hazihesabiwi na mtu, na wizi ukifanyika hautajulikana mpaka giza lirudi na mitumbwi iandaliwe upya. Kijana wangu akapata siku kadhaa za kuishi na siri yake, akiutazama mwezi ukipungua kila usiku. Katika rasimu ya kwanza alikuwa anaiba na kukamatwa ndani ya kurasa tano. Sasa mwezi wenyewe ndio unaomhesabia siku, na sehemu ya katikati, ambayo siku zote ilikuwa imelegea, ikakaza yenyewe.

Marafiki wanne tulipokutana Nyegezi kuusoma mswada kwa sauti, kila mmoja akichukua mhusika wake, kosa lilijitokeza bila kuelezwa na mtu. Kwenye ukurasa wa 31 kaka anamwambia dada yake, "Kama unavyojua, baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita." Rafiki aliyesoma sehemu ya dada aliacha kusoma, akauliza kama anajua, anaambiwa ya nini. Tulicheka wote, mimi nikicheka kwa kuchelewa kidogo. Mstari huo nimeufuta, na mahali pake mdai anaingia na kuketi kwenye kiti cha kamba kilicho karibu na mlango, mama anamwomba kwa adabu ahamie kigodani, na hakuna anayesema kwa nini.

Maoni yaliyoniuma zaidi yalitoka kwa mtayarishaji mmoja wa Dar es Salaam, aliyeandika kwa ukali nisioupenda hadi leo. Alisema kurasa zangu nne za mwanzo, ambamo jua linazama nyuma ya Jiwe la Bismarck bila mtu yeyote kufanya lolote, ni kadi ya posta. (Wengi tunaopiga picha Mwanza huanzia kwenye jiwe hilo, sijui kwa nini nilidhani mimi nimelivumbua.) Nilizikata zote nne. Alitaka pia niongeze mganga wa kienyeji ili katikati pachangamke, na hilo nimelikataa, kwa sababu mganga angempunguzia kijana uzito wa kosa alilolitenda mwenyewe. Hata hivyo nilikiandika kilio chake kwenye daftari, maana aliusoma mswada kabla mwezi haujaingia kazini, na kule katikati alikuwa amechoka kweli, ingawa dawa aliyoiagiza haikuwa ya ugonjwa huo.

Daftari hilo limenisaidia kuliko nilivyotarajia. Mtu akitoa maoni, ninaandika maneno yake kama alivyoyasema na ninafunga mdomo, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko kuandika. Wasomaji wawili wasiojuana wakikwama kwenye ukurasa uleule, siwahoji tena, ninaurudia ukurasa. Afadhali aibu hiyo niipate kwenye karatasi, kwa kuwa kosa lilelile likigunduliwa mitumbwi imekwisha kukodiwa, petroli imelipiwa na waigizaji wako ziwani saa nane za usiku, litamaliza fedha kabla halijarekebishwa.

Wiki iliyopita nilimpelekea mama mdogo rasimu mpya. Alikubali stoo, akakubali mwezi unaopungua, na kijana alipopakia taa kwenye bodaboda akatikisa kichwa kwa huruma, nami nikaanza kutabasamu. Kisha vidole vikasimama tena juu ya ungo.

"Na betri je," akauliza, "kaziacha?"

Nimerudi kwenye ukurasa wa 42.